Mashine Itetemeke, Akili Itulie: Ya Kufanya na Kutofanya kwa Mwenye Selulaiti

Picha za matangazo hubadilika, maneno ni yale yale: panda juu ya mashine dakika kumi, simama tu, vishimo vya mapajani vitakwisha. Mashine zenyewe ni za aina nyingi. Upo ubao wa kusimama unaotetemeka, upo mkanda unaofungwa kiunoni, ipo rola ya umeme ya kupitisha mapajani, na ipo bunduki ya masaji inayogonga nyama kwa kasi. Saluni zinazo, jim zinazo, na wauzaji wa mtandaoni wanakuletea hadi mlangoni. Masharti ni haya. Mengi ni ya mwanamke anayetaka kulipia, machache ni ya yule anayemlipisha.

Jua kwanza kishimo kimetokana na nini.

Selulaiti si ugonjwa, si uchafu, wala si sumu iliyoganda mwilini, hata kama msichana wa mapokezi ameagizwa aseme hivyo. Chini ya ngozi ya paja na makalio kuna tabaka la mafuta lililogawanyika katika vifuko. Kati ya vifuko hivyo hupita nyuzi ngumu zinazoishikiza ngozi kwenye utando ulio juu ya msuli. Kwa mwanamke, nyingi ya nyuzi hizo zimesimama wima. Mafuta yakijaa huisukuma ngozi juu, lakini pale penye uzi ngozi haiendi popote, imeshikwa. Hapo ndipo kishimo kinapoonekana. Kwa mwanamume nyuzi hukaa mshazari na kupishana, tena ngozi yake ni nene zaidi, kwa hiyo mafuta hayapati njia ya kujitokeza. Maelezo haya yalitolewa na watafiti Nürnberger na Müller mwaka 1978. Baadhi ya mambo yamerekebishwa tangu hapo, ila picha ya jumla bado imesimama.

Homoni ya estrojeni ina mkono wake, ndiyo maana vishimo huanza baada ya kuvunja ungo. Inakadiriwa kuwa wanawake 80 hadi 90 katika kila 100 waliopita umri huo wanavyo kwa kiasi fulani. Wanene wanavyo, wembamba wanavyo, wanariadha wanavyo. Ikumbuke hesabu hiyo kabla hujavua sketi mbele ya mtu anayekwambia una tatizo.

Usimwamini anayekuahidi kuyeyusha mafuta kwa kutikisa.

Mafuta ya mwili hutumika pale mwili unapohitaji nguvu nyingi kuliko iliyoletwa na chakula, na mwili huchagua wenyewe uanzie wapi. Kwa wanawake wengi mapaja huwa ya mwisho. Nao uzi ulio chini ya kishimo haukatiki kwa mtetemo. Kama kutikiswa kungetosha, mfanyabiashara anayekesha kila wiki kwenye kiti cha nyuma cha basi, barabara yote mashimo, angeshuka asubuhi na mapaja laini kuliko wote stendi. Anashuka na mgongo unaouma. Umoja wa Ulaya uliweka mwaka 2002 viwango vya juu vya mtetemo ambao mfanyakazi anaweza kuupata kwa siku moja ya kazi, wakiwemo madereva wa matrekta na mitambo mizito, kwa ajili ya migongo ya namna hiyo.

Ahadi yenyewe ni kongwe. Daktari Gustav Zander alifungua taasisi yake ya mazoezi ya mashine jijini Stockholm mwaka 1865, na miongoni mwa mitambo yake ilikuwemo ya kutetemesha na kupigapiga mwili. John Harvey Kellogg, yule wa nafaka za kifungua kinywa, alikuwa na viti vya kutetemeka kwa wagonjwa wake huko Battle Creek, Michigan. Katikati ya karne ya 20 ukaja mkanda wa kiunoni, wanawake wa Marekani wakasimama wakitikiswa nyonga huku wakipiga soga. Mikanda ile leo utaiona kwenye filamu za zamani, watu wakiicheka. Vishimo vipo.

Ipe mashine haki yake, isizidi.

Mtetemo una kazi. Msuli ukitetemeshwa hujikaza wenyewe bila kuamriwa, kwa hiyo kuchuchumaa juu ya ubao unaotetemeka ni kugumu kuliko kuchuchumaa sakafuni. Watabibu wa viungo huutumia kwa baadhi ya wagonjwa wao. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kondoo waliosimamishwa juu ya ubao wenye mtetemo hafifu sana kwa dakika 20 kila siku ya kazi kwa mwaka mzima, na mfupa wa ndani wa paja ukaongezeka msongamano kwa zaidi ya asilimia 30. Ni jambo kubwa, ila ni la mfupa, tena wa kondoo. Wauzaji wamelibeba wakalipeleka kwenye ngozi ya makalio ya mwanamke bila kulipa nauli.

Kwa selulaiti yenyewe majaribio yapo, mengine yamefanywa Poland. Ni madogo. Wanawake ni wachache, muda ni wa wiki kadhaa, na kinachopatikana ni mzunguko wa paja kupungua kidogo na ngozi kuonekana nafuu kiasi. Usimzomee mtu anayekutajia majaribio hayo, ila muulize maswali matatu. Palikuwa na kundi la pili ambalo halikutetemeshwa? Aliyehukumu picha alijua ipi ni ya kabla na ipi ni ya baada? Wanawake hao walipimwa tena miezi sita baadaye? Akijibu kwa kukuonesha video ya mteja anayecheka, umeshajibiwa.

Usipande kabisa kama ni mmoja wa hawa.

Hapa hakuna kubembelezana. Una mimba, au unaihisi. Umejifungua karibuni, hasa kwa kisu. Umefanyiwa upasuaji wowote na kidonda bado kipya. Umewekewa kitanzi wiki hizi. Una kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo. Una kifafa. Una mawe kwenye figo au kwenye nyongo. Diski ya mgongo imetoka. Una goti au nyonga ya bandia. Umewahi kuambiwa damu imeganda mguuni, au unatumia dawa za kuifanya damu iwe nyepesi. Una tatizo la retina ya jicho. Una kisukari na nyayo zimeanza kufa ganzi. Yeyote kati ya hawa aende kwa daktari kwanza, arudi na jibu lake.

Mwenye saluni, maswali haya unapaswa kuyauliza wewe kabla mteja hajavua viatu. Yaandikwe kwenye karatasi, mteja ayasome kwa utulivu na atie sahihi. Usimwulize kwa sauti mbele ya wateja sita wanaosubiri kusuka kama ana mimba. Atasema hana.

Tofautisha vishimo na ugonjwa.

Sharti hili lina uzito kuliko yote, kwa sababu hapa mtu anaweza kupoteza mguu au roho.

Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, hasa kwenye shavu la mguu, baada ya safari ndefu, baada ya kujifungua, au wakati unatumia vidonge vya uzazi wa mpango, usiukande, usiutetemeshe, usiupake chochote. Huenda ni damu iliyoganda kwenye mshipa, na kipande kikichomoka huenda mapafuni. Hospitali, siku hiyo hiyo.

Ngozi ikiwa nyekundu au imeiva, ya moto, inauma ukiigusa, na homa ipo, hayo ni maambukizi ya bakteria chini ya ngozi na yanataka antibiotiki. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, kwa hiyo pima joto kwa mgongo wa mkono wako na linganisha na mguu wa pili.

Mguu unaovimba polepole, ukizidi jioni na kupungua asubuhi, halafu ikafika siku haupungui tena, kwa mtu aliyekulia mwambao wa Tanzania au Kenya unaweza kuwa mwanzo wa matende. Yana huduma zake, na huanzia kituo cha afya.

Kuna pia hali iitwayo lipidema. Mafuta hujaa miguu yote miwili kwa usawa, nyayo zikabaki nyembamba, mguu unauma ukibonyezwa, na alama za damu kuvilia hutokea hata bila kugongwa. Ilielezwa katika hospitali ya Mayo, Marekani, mwaka 1940, na hadi leo wanawake wengi wenye hali hiyo huambiwa wapunguze kula. Kumgonga mtu huyo kwa rola ni kumuumiza bure.

Simama ipasavyo.

Kunja magoti. Ukiyanyoosha yakakaza, mtetemo unapanda moja kwa moja hadi kwenye mgongo na kichwa. Ukiyakunja, misuli ya paja inaumeza. Nyayo zote ziguse ubao, mikono ishike mahali pa kushikia. Anza na nusu dakika au dakika moja, pumzika, rudia mara chache. Siku ya kwanza ikiisha usione aibu kuwa umefanya kidogo.

Usisimame tu kama ulivyoambiwa kwenye tangazo. Chuchumaa, inuka, inua kisigino, hama mguu. Faida yoyote utakayoipata itatoka kwenye msuli uliofanya kazi. Msuli wa paja na makalio ukijaa vizuri, ngozi iliyo juu yake hupata pa kuegemea na vishimo vingine hupungua kuonekana. Hilo utalipata pia kwa kupanda ngazi na kuchuchumaa chumbani kwako, bila umeme.

Usiushindanishe mwili na namba za mashine. Mbao nyingi za jim hutetemeka mara 20 hadi 50 kwa sekunde. Kuongeza hadi mwisho hakukufikishi mapema. Macho yakiona ukungu, kichwa kikiuma, au meno yakigongana, shuka. Kuwashwa mapajani mara za kwanza ni kawaida, ni damu inayojaa kwenye ngozi. Maumivu si kawaida. Usimsikilize mkufunzi anayesema maumivu ndiyo dawa inafanya kazi.

Bunduki ya masaji isiwe silaha.

Usiipitishe juu ya mfupa, mbele ya shingo, kinenani, wala nyuma ya goti. Usiikandamize mpaka ngozi ivilie damu. Alama za bluu si dalili ya mafuta kuvunjika, ni mishipa midogo iliyopasuka. Madaktari wa China waliripoti habari za msichana mwenye upungufu wa damu ambaye misuli yake ya paja ilimeng'enyuka baada ya kugongwa na bunduki ya namna hiyo, mkojo ukageuka rangi ya chai. Mkojo ukibadilika hivyo baada ya masaji, usisubiri kesho. Msuli uliovunjika huweza kuziba figo.

Anayejipaka mkorogo au krimu kali za kung'arisha asiguswe na rola wala bunduki. Krimu zenye steroidi huifanya ngozi iwe nyembamba na mishipa yake iwe dhaifu, na kinachofuata ni mabaka ambayo hakuna mashine itakayoyatoa.

Mkandaji wa Pwani anayemkanda mzazi kwa mafuta hamwahidi mapaja mapya. Humwahidi mwili utulie, na hilo analitimiza. Wenye vyeti ukutani wangejifunza kwake namna ya kuahidi.

Usiamini macho yako dakika kumi baada ya kushuka.

Mtetemo huleta damu kwenye ngozi na joto kidogo, tishu hujaa majimaji, na vishimo vinajazwa kwa muda. Baada ya saa kadhaa hali hurudi ilipokuwa. Picha ya "baada" hupigwa wakati huo huo, tena taa ikiwa mbele. Taa ikiwa juu ya kichwa kila kishimo hupata kivuli chake. Ukiihamishia mbele, kivuli chote kinakufa. Hakuna haja ya kompyuta kudanganya kwa picha ya namna hiyo.

Piga picha zako mwenyewe. Chumba kile kile, saa ile ile ya asubuhi, taa ile ile, umesimama vile vile, kabla ya kupanda mashine. Pima mzunguko wa paja kwa futi ya fundi cherehani, mahali pale pale. Weka alama kwa kalamu au pima umbali kutoka kwenye goti. Usipime siku za karibu na hedhi kisha ukalinganisha na siku za baada yake, kwa maana mwili hushika maji. Rudia baada ya wiki nne, kisha wiki nane. Mumeo asiwe hakimu. Wala shoga yako aliyekuuzia.

Linda pesa yako.

Usilipie vipindi ishirini kwa mkupuo kwa sababu ya punguzo. Lipia kimoja. Uliza pia itakuwaje ukiacha. Mwuzaji mkweli atakwambia matokeo, yakiwepo, hutoweka ukiacha, na hapo utapiga hesabu ya miaka, si ya wiki.

Ukisikia kuwa kifaa "kimeruhusiwa Marekani", omba usome maneno ya ruhusa yenyewe. Mamlaka ya chakula na dawa ya huko, FDA, imeviruhusu vifaa kadhaa vya masaji na joto kwa maelezo kwamba vinapunguza kwa muda mwonekano wa selulaiti. Yasome tena: kwa muda, na mwonekano. Kwenye tangazo maneno hayo mawili huwa yameshaanguka njiani.

Tiba zilizoonesha matokeo ya kudumu zaidi ni zile zinazoufuata uzi. Kifaa cha Cellfina, kilichoruhusiwa na FDA mwaka 2015, hukata nyuzi kwa kisu kidogo chini ya ngozi iliyotiwa ganzi, na ni kazi ya daktari. Sindano ya Qwo, iliyoidhinishwa mwaka 2020 kwa ajili ya kumeng'enya nyuzi hizo, iliondolewa sokoni na walioitengeneza mwishoni mwa 2022, kwa sababu ya kuvilia damu na mabaka yaliyokawia kuisha. Ikiwa dawa iliyopita kwa madaktari na wakaguzi wote hao ilikwama, ubao wa kutetemeka unaouzwa pamoja na sufuria zisizoshika unga hauna siri iliyowapita.

Na usinunue krimu ya kusaidia mashine. Tume ya biashara ya Marekani, FTC, imewafuata wengi kwa ahadi za aina hii. Kampuni ya Rexall Sundown ilikubali mwaka 2003 kulipa hadi dola milioni 12 kwa madai ya vidonge vya Cellasene kuondoa selulaiti. Beiersdorf, wenye Nivea, walikubali kulipa dola 900,000 mwaka 2011 kwa krimu iliyodaiwa kupunguza mwili, na L'Occitane dola 450,000 mwaka 2014 kwa madai ya krimu za lozi. Hizo ni kampuni zenye mawakili na maabara. Aliyekutumia tangazo usiku wa manane hana hata risiti.

Kifaa kikidaiwa kutibu, kimeingia kwenye vifaa tiba. Uliza kama kimesajiliwa TMDA kwa Tanzania, au Bodi ya Famasia na Sumu kwa Kenya. Swali lenyewe tu hupunguza bei.

Mwenye saluni, usiweke mapaja ya mteja mtandaoni.

Picha ya mwili wa mtu ni taarifa yake binafsi. Tanzania ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2022, Kenya tangu 2019. Ridhaa iandikwe, ieleze picha itatumika wapi, na mteja aweze kuifuta ridhaa hiyo. Kumkata kichwa kwenye picha hakutoshi. Wapo watakaomjua kwa kovu au kwa shanga.

Usimpeleke binti.

Msichana wa miaka 15 anayeanza kuona vishimo anaona mwili uliokua. Ukimpandisha mashine umemfundisha kuwa ana kasoro ya kulipiwa, na wauzaji watamrithi kutoka kwako. Akiuliza, mweleze habari za nyuzi na mafuta kama zilivyoandikwa hapo juu. Somo na kungwi walijua kumweleza binti mwili wake bila kumwuzia kitu.

Acha ukiona hakuna kitu.

Wiki nane zikipita na picha zako mwenyewe zinafanana, umejibiwa. Usiongeze muda, usiongeze kasi, usinunue toleo jipya. Kama mashine ni yako na unapenda kuchuchumaa juu yake, endelea kwa ajili ya miguu yenye nguvu. Kama imegeuka mahali pa kuanikia taulo, iuze. Kwenye tangazo andika ni mashine ya mazoezi, taja umeitumia muda gani na kama ina mlio usio wa kawaida. Usiandike kuwa inaondoa selulaiti.